Mnazi Juu ya Kitovu

Nyinyi mliobaki na funguo mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Ripoti za kila mwaka zimo kabatini, na mchwa wameanza kuzisoma kabla yenu. Humo mtaona nani alipandishwa cheo na kamati ilikaa mara ngapi, mambo ambayo mimi nimeshayasahau bila majuto. Nitaandika yale ambayo hayakuingia kwenye ripoti. Mwandishi wa ripoti nilikuwa mimi, na sikujua niyaweke chini ya kichwa gani.

Nilianza nyumba ilipofunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu katika wadi ya wazazi, na huko ndiko nilikojifunza kumtambua mwanamke asiye na pa kwenda. Siku ya kuruhusiwa, wenzake wanafunga mizigo haraka haraka, yeye anakunja leso moja mara nne. Anaomba maji. Anauliza kama daktari atapita tena. Mwisho anatoka hadi langoni na kichanga chake, anasimama, anatazama kushoto, anatazama kulia, na mlinzi anamwambia asizuie gari. Niliyaona hayo mpaka nikachoka kuyaona, kwa hiyo niliposikia nyumba ya kina mama inatafuta mlezi, sikuuliza mengi.

Nyumba yenyewe mnaijua, ile ya mawe katika mji wa zamani wa Malindi, yenye ukuta uliochubuka na ua mpana nyuma. Bibi mmoja wa ukoo wa wenye mashamba aliiacha wakfu kwa wanawake wasio na makao. Alipofariki, jamaa zake waliona hakuna mwanamke wa namna hiyo karibu, wakaweka humo magunia ya mbata, zile nazi kavu. Mjukuu wake, Bi. Rukia, ndiye aliyewakumbusha maana ya wakfu, mwaka hadi mwaka, harusini na matangani, mpaka wakahamisha magunia ili wapate raha. Kina mama wa kanisa wakaleta vitanda na mablanketi, ikaundwa kamati ya Waislamu na Wakristo. Watu walitabiri ugomvi wa dini. Kitu pekee walichogombania kwa dhati ni rangi ya mapazia.

Mtaani waliiita nyumba ya wasio na waume. Wanaume wengine walikuwa wakifika mbele yake wanaongeza mwendo, kana kwamba tungetoka na kamba tukawakamata.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vyangu vyeupe vya hospitali na kushika penseli. Akaja mama na watoto watatu, vumbi tupu. Nikamkalisha, nikaanza: jina lako, umri wako, mume wako yuko wapi. Bi. Rukia alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mfupi mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Mama Charo," akaniita, "huyu mgeni amekoga?"

Nikasema bado.

"Na watoto wamekula?"

"Bado, Bi. Rukia."

"Sasa mtu hajakoga, wanawe hawajala, wewe wamuuliza mume? Atakwambia lolote ili umwache. Tia penseli yako mfukoni. Akisha kulala siku mbili tatu atakueleza mwenyewe, na utatamani anyamaze."

Ikawa hivyo hivyo. Tangu siku ile sikuuliza mume wa mtu kabla ya maji ya kuoga. Nawaomba na nyinyi msiulize, hata mkiletewa fomu mpya kutoka wapi.

Bi. Rukia alikuwa na mambo yake mawili ambayo kamati haikuyapenda. La kwanza ni ufunguo. Kila chumba kilikuwa na kufuli lake, na ufunguo ulikaa kwa mama mwenye chumba, haukutundikwa msumarini ofisini. Nimeona wanawake wazima wakilala na ule ufunguo mkononi, maana maishani mwao wote mlango ulikuwa ukifungwa na mtu mwingine.

La pili ni mafiga. Kina mama wa kanisa walitaka chungu kimoja kikubwa, na mpishi mmoja. Bi. Rukia akakataa katakata. Kila mama awe na mafiga yake matatu uani, apike chake, aunguze chake. Ua wote ulijaa moshi, kuni ziliisha upesi, na mimi macho yangu hayajapona hadi leo. Lakini aliwaambia kamati, "Anayepikiwa ni mgonjwa. Hawa si wagonjwa." Mama mmoja wa kamati akajibu kwamba wakiendelea kuvuta moshi huo watakuwa. Wote wawili walikuwa na haki, na mafiga yakabaki.

Kazi iliyowatoa kina mama pale ilikuwa makuti. Miaka ile hoteli zilikuwa zikiota kila upande, Malindi, Watamu, mpaka Kikambala, na kila hoteli ilitaka paa la makuti kwa sababu wageni walilipenda. Kina mama walikaa uani, wakikunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona moja baada ya jingine. Vidole vilikatika wiki ya kwanza, wiki ya pili vikawa sugu. Mkono wa mshonaji makuti ni mgumu kama soli, na mtoto akipigwa kofi nao hurekebika mara moja.

Kuingia nyumbani kulikuwa rahisi. Kutoka ndiko kulikokuwa kazi, kwa sababu ile ilikuwa nyumba ya kupita, si ya kuzeekea, na kila chumba kilikuwa na mwingine anayekisubiri. Kulikuwa na Kadzo, kutoka Magarini, mjane aliyekimbia shemeji zake na kuja na watoto wawili na mbuzi. Kamati ilikaa kikao kizima juu ya yule mbuzi. Wakati wanajadili, mbuzi akala pazia moja, na kwa kuwa lilikuwa la rangi iliyochaguliwa na upande ulioshinda, upande wa pili ukamtetea. Kadzo alipata chumba cha kupanga, akafunga mizigo, akaondoka, akarudi. Akaondoka tena, akarudi tena. Nilipomuuliza akasema, "Mama Charo, kule usiku hakuna mtu anayekohoa." Alizoea kusikia wenzake. Alikaa nasi muda mrefu kuliko wote, akawa ndiye anayewafundisha wageni kushona, na nilipomtazama nilikuwa nacheka na kusikitika kwa pamoja.

Vyumba vya kupanga navyo vilikuwa taabu. Mwenye nyumba akimwona mwanamke na watoto, swali la kwanza ni mwanamume atakayemsemea. Kwa hiyo Bi. Rukia akashika njia nyingine. Aliwaendea wenye mashamba pembezoni mwa mji, ambao ni jamaa zake au watoto wa jamaa zake, akawaomba kipande cha kusimamisha kijumba cha udongo. Watu wa bara hushangaa desturi hii ya kwetu, kwamba nyumba yaweza kuwa yako na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Unajenga kwa fito, udongo na makuti. Unapanda mchicha, kunde, hata muhogo. Mti wa kudumu hupandi, kwa maana hapa aliyepanda mnazi ana haki juu ya mnazi, na mwenye minazi ya kutosha siku moja husimama mbele ya wazee na kusema shamba ni lake. Sisi tuliozaliwa pwani tunalijua hilo tangu utotoni. Mimi ni Mgiriama wa Dabaso, na sikumbuki aliyenifundisha.

Sasa nifike kwa Mumbua, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Alishuka kwenye lori la mbao mbele ya nyumba, asubuhi, mjamzito wa karibu kujifungua, na watoto wawili, sufuria, na mlango. Mlango wa mbao, mzima, na bawaba zake. Dereva alimsaidia kuushusha akiwa ananung'unika. Mumbua alitoka Kitui akimfuata mumewe aliyekuwa mjenzi wa hoteli kule Kikambala. Waliishi kwenye vibanda vya wafanyakazi. Hoteli ilipokwisha, mume alifuata mkandarasi kwenye kazi nyingine, akasema atamwita. Hakumwita. Vibanda vikabomolewa, naye alichoweza kuokoa ni mlango wa chumba chao.

"Mlango niko nayo, mama," akaniambia. "Nyumba ndio sina."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akalia. Nikampeleka bafuni. Mlango tuliuegemeza kwenye ujia, na kwa miezi mingi kila mtu aliupita akiugonga na kiwiko, na hakuna aliyethubutu kusema utolewe.

Alijifungua mtoto wa kike, akamwita Ndanu. Kitovu kilipodondoka, Kadzo alikifunga kwenye kitambaa na kumpa akiweke. Hiyo nayo ilikuwa desturi iliyojiotea nyumbani mwetu bila kamati kuipitisha. Pale uani hapakuzikwa kitovu cha mtoto yeyote. Kina mama walisema pale si kwao, na mtoto azikiwe kitovu mahali atakapopaita kwao. Waliozaa pale walitunza vile vitambaa vidogo kwenye masanduku, chini ya nguo, wakisubiri siku ya kupata mahali.

Mahali pa Mumbua palipatikana kwa Mzee Athmani, njia ya kwenda Magarini. Mzee huyu alikuwa na shamba la minazi la tangu babu yake. Alikuwa mtu mkavu, kanzu yake safi, bakora mkononi, mwenye kuhesabu maneno. Yeye na Bi. Rukia walikua pamoja, na nadhani mzee alimkubalia ili aache kumtembelea. Alituonyesha pahali pa kujenga, ukingoni, kivulini, akasema "Haya," akaenda zake. Hakusema habari ya miti. Bi. Rukia hakusema. Mimi sikusema. Hakuna aliyemwambia Mumbua, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kuna mtu duniani asiyejua.

Kina mama wote tulikwenda kukandika. Tulikanyaga udongo kwa miguu, tukaimba, tukachafuana. Makuti ya paa aliyashona mwenyewe. Mwisho mlango wa Kikambala ukatiwa mahali pake, na ukakataa kufunga vizuri, lakini Mumbua aliufungua na kuufunga mpaka watoto wakamwomba awaache wapite. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha ya namna ile kwa sababu ya mlango unaokwaruza.

Siku chache baadaye alizika kitovu cha Ndanu, hatua chache kutoka kizingitini. Kadzo alimpelekea nazi iliyochipua, mnazi wa kitamli, ule mfupi unaozaa mapema, aupande juu yake, kama wanavyofanya watu kwao kwenye ardhi yao. Kadzo alikuwa amejaa furaha ya mwenzake na hakukumbuka hii ilikuwa ardhi ya nani. Mumbua akaupanda, akauzungushia miiba mbuzi wasiule. Na hao mbuzi aliokuwa akiwafikiria, nadhani alikuwa mmoja tu, yule wa Kadzo.

Mzee Athmani aliuona alipopita kukagua minazi yake. Hakupiga kelele. Alichora mstari kwa bakora kuuzunguka ule mche, akamwambia Mumbua, "Mwambie Rukia aje. Ung'olewe mti au ing'olewe nyumba." Akaenda.

Mumbua alikuja mbio hadi kwetu, mtoto mgongoni. Hakuelewa kosa lake. Nilipomweleza alishika kichwa.

"Mama, mimi sikujua. Mimi nilifikiri atafurahi. Kwetu ukipewa shamba na ukose kupanda kitu, wanasema wewe ni mvivu."

"Basi ung'oe, mwanangu. Ung'oe leo."

Akanitazama. "Hiyo mti iko na kitovu ya Ndanu. Nikiing'oa, na huyu mtoto ashikwe na homa kesho, nitajiambia nini?"

Kamati ilikutana siku hiyo hiyo. Mama mmoja wa kanisa, mwema kabisa, alisema hizo ni imani za giza, mti ni mti, ung'olewe na tuombe. Nasema kweli, nami nilitaka ung'olewe. Niliona watoto watatu barabarani na mlango wao kichwani. Chumba chao kilishachukuliwa na mwingine. Niliona pia wenye mashamba wengine wakisikia habari hii na kutufungia milango wote, na kina mama waliokuwa uani wakishona makuti ya nyumba ambazo hazitajengwa. Lakini nilikuwa nimekaa wadi ya wazazi miaka mingi, na nilijua mama akisema jambo juu ya kitovu cha mwanawe, hakuna cha kumwambia.

Bi. Rukia wakati huo mguu wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua. Alisikiliza wote, akafuta miwani, akasema, "Kesho twende. Mumbua, wewe utasema, mimi ntakaa."

Tukaenda, yeye, mimi, Mumbua, na Kadzo ambaye hakuwa amelala kwa aibu. Mzee Athmani alikuwa ameshafika, amesimama karibu na ule mche uliozungushiwa miiba. Mumbua alitoa kigoda, Bi. Rukia akaketi mbele ya mlango, akashusha pumzi.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba." Kisha akamgeukia Bi. Rukia. "Rukia, mimi sina ubaya na huyu mwanamke. Lakini shamba la babu yangu lilikuwa linafika kule mtoni. Lilikwenda mnazi mmoja mmoja. Huyu alipanda kwa kuwa amezaa, yule kwa kuwa ameoa. Baba yangu alikuwa mpole, akanyamaza. Nilipokua mimi, nilionyeshwa mpaka mpya kila mwaka. Siwezi kunyamaza."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Nilikuja nikiwa nimemkasirikia, na hasira ikanipungua, jambo ambalo lilinichukiza kidogo, maana ni rahisi zaidi kuwatetea watu ukiwa na hasira.

"Wasema kweli, Athmani," akajibu Bi. Rukia. "Nami nilikuwako. Hebu nambie, huu mti ni wa nani?"

"Wa aliyeupanda. Hilo ndilo linalonikera."

"Na aliyeupanda akiutoa?"

Bi. Rukia akamgeukia Mumbua, akamweleza polepole, kwa Kiswahili chepesi, jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote kati yetu tangu jana. Kwamba hapa pwani mti una mwenyewe kama mbuzi alivyo na mwenyewe. Unaweza kuuzwa, kurithiwa, kutolewa. Akitaka, Mumbua anaweza kumpa Mzee Athmani ule mnazi, mbele ya mashahidi, na matunda yake yote. Hapo utakuwa mnazi wa Mzee kwenye shamba la Mzee, na hakuna wa kuudai, si yeye, si wanawe.

"Na kitovu?" akauliza Mumbua.

"Kitovu nani akitake, mwanangu? Kitovu ni cha mwenyewe. Kitakaa hapo hapo kilipo."

Nilimwona Mumbua akiutazama ule mche, majani mawili tu, na nikajua anachokitoa si nazi. Alikuwa amepanda kitu kimoja duniani kikawa chake. Nililia, na sikujificha. Kadzo alikuwa anatazama chini. Kisha Mumbua akamshusha Ndanu kutoka mgongoni, akampakata, akamkabili Mzee.

"Mzee, hiyo mti nimekupa. Mimi na watoto wangu hatutaisema ni yetu. Matunda ni yako."

"Rudia," akasema Mzee Athmani, "na umtaje Rukia kuwa shahidi."

Akarudia. Akamtaja Bi. Rukia, akanitaja mimi, akamtaja na Kadzo. Nilidhani yamekwisha, lakini Mzee alibaki pale akiuzunguka mche kwa macho, kama mtu aliyepewa mnyama na hajui atamfunga wapi. Akaigusa ile miiba kwa bakora.

"Mti wangu huu uko mlangoni kwako," akasema. "Mimi nakaa mbali. Kiangazi kinakuja. Nani atautia maji?"

"Mimi, Mzee."

"Ukinyauka nitakuuliza wewe."

"Uniulize."

"Basi huwezi kuhama."

"Siwezi," akasema Mumbua.

"Haya," akasema Mzee, akageuka akaenda zake bila kuaga, amekunja uso kama mtu aliyeshindwa kesi. Tulibaki tunatazamana. Ilimchukua Mumbua muda kuelewa kwamba ameshakubaliwa, akaketi chini kwenye mchanga na kucheka mpaka Ndanu akaogopa. Bi. Rukia yeye aliomba maji ya kunywa, na akataka kujua kwa nini mlango unakwaruza na hakuna aliyeupiga randa.

Baada ya hapo tuliweka utaratibu, nao naomba muushike. Kabla mama hajatoka, mtu aketi naye amweleze mambo yote ambayo sisi tunayaona hayahitaji maelezo. Habari ya miti. Habari ya kisima, nani anachota mwanzo. Habari ya kumwamkia mwenye shamba na kumpelekea futari mwezi wa Ramadhani, hata kama wewe ni Mkristo na ulichonacho ni muhogo. Msiseme haya ni ya watoto. Waulizeni pia nao kwao wanafanyaje, maana na sisi tunakosea mengi kwao na hatuambiwi.

Bi. Rukia alitutoka miaka michache baadaye, mguu ule ule. Kina mama aliowatoa walikuja mazikoni kutoka kila upande, na wengi walikuwa Wakristo wasiojua wasimame wapi wala wajifunike vipi. Walikaa nje barabarani, wamejaa mpaka magari yakazunguka. Nilizungumza naye kila siku kwa miaka na bado sijazoea kwamba hayupo. Nikikosea jambo mpaka leo namsikia akiniambia nitie penseli mfukoni.

Kadzo naye hatimaye aliondoka asirudi. Alijenga nyuma ya Mumbua, kwa ruhusa ya Mzee Athmani yule yule, karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa. Alikwenda na mbuzi wa ukoo wa yule wa pazia. Mti hakupanda.

Wiki ya mwisho kabla sijakabidhi kazi, Mumbua alinitumia salamu niende, mnazi umezaa na Mzee anakuja kuchuma. Nilikwenda. Nyumba imeongezwa chumba, na mnazi umesimama mbele yake, mfupi, umenenepa kwa maji ya miaka yote ile, na vichala vyake vya madafu ya manjano unavifikia kwa mkono. Mumbua alikuwa amefagia mpaka barabarani. Hakuwa na raha. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba watoto wakubwa wanajua habari ya mti, walishaonywa wasiguse hata dafu lililoanguka, lakini Ndanu ni mdogo na mdomo wake hauna breki.

Mzee Athmani alifika na bakora yake, amezeeka, anatembea kwa kupumzika. Aliutazama mti wake juu mpaka chini. Akachuma madafu kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, akiyaweka chini kwa utaratibu, na sisi watu wazima tumesimama kando kama mashahidi wa zamani.

Ndipo Ndanu akatoka ndani amekumbatia mkeka uliomzidi urefu. Akautandika chini ya mnazi, akanyoosha pembe zake, akamwamkia Mzee kama alivyofundishwa, kisha akamwambia kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Karibu kwetu, babu. Keti upumzike."

Mumbua alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma. Mzee Athmani alitulia na dafu mkononi. Aliutazama mnazi, akautazama mlango, akamtazama yule mtoto aliyekuwa bado ameshika pembe ya mkeka akingoja jibu.

"Ahsante, mjukuu wangu," akasema. "Nimekaribia."

Akavua viatu, pale kwenye ardhi yake mwenyewe, akapanda mkekani, akaketi mahali alipoonyeshwa.